Viazi vya Shangazi: Siku Kumi na Moja za Kuwa Wageni Dar

Jumamosi, Mbezi Luis

Basi la Njombe liliingia Stendi ya Magufuli saa mbili na nusu usiku. Shangazi akashuka na begi dogo la nguo na kiroba cha viazi kilichofungwa kwa kamba ya katani. Konda alikuwa bado anadai nauli ya kiroba na yeye bado anakataa. Inaonekana mabishano hayo yalianzia Makambako.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Beba hicho, usikiburuze, vitachubuka."

Amekuja kutibiwa macho. Miadi ya kwanza keshokutwa, ya pili Jumatatu ya wiki inayofuata, na katikati hapo hana shughuli. Mimi ni mtunza stoo kwenye hoteli moja ya katikati ya mji, na nina likizo iliyolala tangu mwaka jana. Nikamuuliza kama angependa kupumzika nyumbani au tutembee. Akasema, "Nyie si mnawatembeza Wazungu? Nitembeze na mimi hivyo hivyo."

Nikakubali, ila ndani ya bajaji nikaona aibu kidogo. Miaka kumi na moja niko mji huu na sijawahi kukanyaga kisiwa cha Mbudya. Wageni niliowapakilia maji ya chupa ya kwenda huko hawana idadi.

Tulipofika Kimara akauliza, kama mtu anayeulizia habari za majirani: "Huko hotelini kwenu mnapika viazi vya wapi?"

Nikasema nitamwambia kesho.

Jumapili, Coco Beach

Tulifika saa kumi jioni, saa ambayo unaweza kudhani nusu ya Kinondoni imehamia ufukweni. Shangazi aliitazama bahari kama dakika mbili, akasema kweli ni kubwa, akageukia mihogo.

Mama wa mihogo alikuwa na karai jeusi na ndoo mbili. Anautoa muhogo kwenye mafuta, anaupasua katikati kwa kisu kisicho na mpini, anapaka pilipili ya ukwaju kwa brashi, anatupia kachumbari juu. Shangazi hakuuliza bei. Aliuliza, "Umetoka wapi huu?"

"Mkuranga, mama."

"Mnanunua kwa kilo au kwa gunia?"

"Gunia. Lenye kilemba."

Wakacheka wote wawili kwa sauti ya watu waliofiwa na mtu mmoja. Kilemba ndiyo lumbesa: gunia linajazwa, halafu linashonewa ukanda juu na kujazwa tena, na mkulima analipwa kana kwamba ni gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza. Kule Njombe, anasema, sheria hiyo inasomwa redioni asubuhi na magari ya lumbesa yanapakia mchana.

Mimi nilikuwa nahesabu mikono. Kijana wa bajaji, mama wa mihogo, muuza madafu, mwenye mkeka, mpiga picha aliyetutolea picha papo hapo, na yule wa mlango wa choo. Watu sita, na jumla haikufika elfu kumi na tano. Hotelini kwetu hiyo ni kahawa moja na kipande cha keki, na inapokelewa na mashine moja.

Wazungu niliowaona walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa akikimbia mazoezi. Lakini hesabu ya utalii inayotangazwa kwa sauti kubwa ni yao: zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, kama 620,000 mwaka 2020 wa korona, milioni 1.8 mwaka 2023. Mtu wa Mbagala aliyepanda daladala mbili ili watoto wake wakodi mpira wa gari waelee nao kwa nusu saa hajapigwa muhuri popote. Ila mama wa mihogo anamhesabu.

Jumatatu

Hospitali. Foleni, dawa ya matone, akashinda haoni vizuri. Vipimo vya miwani vimechukuliwa. Jioni alikaa kibarazani amefumba macho akasimuliwa mtaa na mtoto wa mpangaji mwenzangu.

Jumanne, Makumbusho na Mwenge

Kijiji cha Makumbusho tulipita haraka. Wameweka pale nyumba za makabila mbalimbali. Mwenyeji analipa kiingilio kidogo, mgeni wa nje kikubwa, jambo ambalo shangazi aliliona la haki kabisa. Alizunguka msonge wa Wahaya mara mbili akiupapasa kama ng'ombe wa kununua, akauliza kama hauvuji. Mwongozaji akasema hauvuji. "Wewe umelala humo?" Basi tukaondoka.

Mwenge ndiko siku ilikoishia. Soko la vinyago liko pale kando ya barabara ya Sam Nujoma, vibanda vimebanana, kila kimoja kina twiga, kifaru, Mmasai mwembamba na sinia za mbao. Wachongaji wengi ni Wamakonde au wamefundishwa na Wamakonde. Wazee wao walianza kuja Dar kutoka kusini na ng'ambo ya Ruvuma, wakachonga mashetani na ile nguzo ya ujamaa, watu wamepandiana mabegani kutoka chini hadi juu.

Shangazi akachukua tembo mweusi wa kujaza kiganja, akamgeuza, akanusa tumbo lake.

"Hii si kiwi ya viatu?"

Muuzaji kijana akaangalia pembeni. Mzee aliyekuwa nyuma, amekalia gogo na tezo mkononi, akacheka hadi akakohoa. Akamwita shangazi ndani, akampa kipande cha mpingo ambacho hakijachongwa. Kwa nje ni cha rangi ya krimu, kwa ndani cheusi kama usiku wa Desemba Lupembe. Akasema, "Mama, omba ndoo."

Ikaletwa ndoo ya maji. Mpingo ukazama moja kwa moja, ukagonga chini. Tembo wa kiwi akaelea, mkonga juu, akizunguka polepole. Shangazi alifurahi kuliko alivyofurahia bahari.

Nikamuuliza mzee kwa nini wanapaka. Nilitegemea aseme mpingo umeadimika, na kweli alisema: mti unachukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, unatoka mbali, Lindi na Mtwara, na una vibali vyake. Lakini sababu yake ya kwanza ilikuwa nyingine kabisa. "Mgeni ana kilo ishirini na tatu za ndege. Akishika mpingo anapima kwa mkono, anaurudisha. Anataka chepesi." Kwa hiyo miaka inavyokwenda vinyago vinapungua uzito na kimo. Nyuma ya kibanda kuna nguzo ya ujamaa iliyomfika kifuani. Aliichonga miezi minne. Iko hapo tangu kabla ya korona, kuku wa jirani analala juu yake.

Kuhusu mwaka 2020 hakusema mengi. Aliuza patasi mbili.

Halafu kuna cha juu. Gari la wageni likiingia, dereva hashuki kwanza. Anapiga simu, wanaelewana asilimia yake, ndipo wageni wanashushwa kwenye kibanda fulani na si kingine. Bei ya kinyago inapandishwa ili cha dereva kitoke humo. Mgeni anaona ameibiwa na mchongaji, mchongaji anaona ameibiwa na dereva, na dereva, niliyemjua mimi pale kazini, halipwi mshahara wa maana na mwajiri wake kwa sababu mwajiri anajua kuna cha juu. Serikali imezuia raia wa kigeni kufanya kazi ya kuongoza watalii na kuendesha maduka ya vitu vya kumbukumbu, tangazo la Julai 2025. Mzee analijua. "Wageni wamezuiwa, sawa. Simu ya dereva je?"

Shangazi alinunua kijiko cha mwiko, cha mpingo, kizito. Alilipa bila kupunguza hata mia. Sijawahi kumuona akifanya hivyo.

Wakati wa kurudi tulipitia Oysterbay, pale Morogoro Stores, kutazama picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 na vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, akafa mwaka 1972, na hadi leo ndege wake wenye madoa wanazaana ukutani. Kuna vijana wana mkono wao kabisa, unaona. Lakini anayeuzika ni yule ndege. Shangazi alisema ndege wote wana sura ya mtu anayedaiwa.

Jumatano, Feri na Kigamboni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri soko la samaki la Feri lina kelele kuliko klabu. Mnada unaendeshwa na dalali aliyesimama juu ya meza ya saruji, maji yanachuruzika hadi kwenye ndala. Shangazi alishika mkono wangu mara moja tu, alipomuona pweza akitembea kutoka kwenye beseni.

Nilimuonyesha jinsi ya kutofautisha wanunuzi. Mama wa samaki wa kukaanga anasimama karibu, ana beseni la plastiki na pesa zimekunjwa kwenye upindo wa kanga. Mtu wa hoteli hasimami karibu. Anakaa kwenye gari lenye barafu, simu sikioni, na kuna kijana anamnunulia. Kamba wakubwa, ngisi, changu wa kilo moja moja waliolingana: wale hata hawakai mezani, wanapita. Mama mmoja aliyenunua vibua alituambia changu mkubwa anamwona kwa macho tu. "Zamani nilikuwa nachukua kwa ajili ya Ijumaa." Simlaumu mvuvi, auze kwa nani kama si kwa anayelipa zaidi? Lakini mimi ni mmoja wa watu wanaopiga simu kwenye lile gari, kwa hiyo sikuongeza neno.

Tukavuka kwa panton, shilingi mia mbili kila mtu, tukachukua bajaji kufuata pwani ya kusini. Daraja la Kurasini lilipofunguliwa mwaka 2016, viwanja vya Kigamboni vilipanda, na ukuta ukafuata ukuta. Barabarani unaisikia bahari na huioni. Tulipata kichochoro kati ya kuta mbili za hoteli, upana wa mtu na nusu, mchanga umejaa chupa. Mlinzi akatusimamisha mwisho wake.

"Mnaelekea wapi?"

"Baharini," akasema shangazi. "Au imefungwa?"

Kijana akaona haya, akampisha, kisha akatufuata kwa ajili ya mazungumzo, maana zamu ni ndefu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nilikuwa naijua kwa sababu kazini tuliwahi kupewa semina. Nikapima kwa hatua kutoka maji ya bamvua yalipoacha mwani hadi kwenye baa yao. Nilipata hatua ishirini na mbili, na mimi ni mfupi.

Mlinzi ni mzaliwa wa hapo hapo. Palipo bwawa la kuogelea palikuwa na minazi ya babu yake. Familia iliuza kabla ya daraja, wakagawana, fungu lake likawa bodaboda, bodaboda ikafa. Mimi nisingemuuliza analipwa ngapi. Shangazi alimuuliza. Jibu lilimfanya afungue mkoba ampe mayai mawili ya kuchemsha tuliyobeba.

Halafu akatusimulia habari za kasa. Kasa hupanda usiku kutaga, anafukia mayai mia na kitu, na baada ya kama miezi miwili vitoto vinatoka usiku na kukimbilia kwenye mwanga, kwa sababu tangu dunia iumbwe mwanga wa usiku ulikuwa bahari. Siku hizi mwanga ni mgahawa. Mwaka jana alivikuta chini ya meza za wageni, vinatambaa kuelekea jikoni. Wageni walipiga picha. Yeye alileta beseni la kufulia, akavizoa, akavipeleka majini kwa safari tatu. Kuna shirika, Sea Sense, ambalo kwa miaka mingi limefundisha watu wa vijiji vya pwani kulinda viota, na yeye alijifunzia kwa mjomba wake aliyefanya nalo kazi. Meneja alikubali taa za mbele zizimwe. Wiki mbili baadaye wageni wakasema panatisha, zikawashwa.

"Sasa nikijua kiota kinakaribia, nalegeza balbu," akasema. "Nasema umeme una hitilafu."

Alhamisi, nyumbani

Kusi limevuma usiku kucha, nahodha niliyempigia akasema boti haziendi Mbudya. Shangazi akaweka chai mezani na kunikumbusha kuwa kesho yangu imefika siku ya tano.

Basi nikamwambia stoo yangu ilivyo. Mchele ni wa Kyela. Nyanya za Ilula. Vitunguu vya Singida, vikikosekana vya Mang'ola. Mayai, kuku na mboga vya hapa hapa na mkoa wa Pwani. Hapo alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha upande wa pili wa stoo: siagi, jibini, jemu ya vikopo vidogo, mvinyo, taulo, mashuka, sabuni ndogo za wageni, na kwenye friza kubwa, katoni za chipsi zilizokatwa, zikakaangwa nusu na kugandishwa, zimepanda meli kuja huku.

Hakusema kitu. Nikaendelea kujitetea. Chipsi za katoni zina urefu mmoja. Hazihitaji watu watatu wa kumenya. Hazina maganda wala maji machafu. Haziishi wakati wa masika barabara zikiharibika. Na anayezileta ana risiti ya mashine na anakubali kukopesha. Nikamwambia pia kitu ambacho wageni wengi hawakijui: wengi wao wamelipa safari yote kabla ya kupanda ndege, kwa wakala wa kwao, chumba na chakula na gari vikiwa pamoja. Wakala anakata chake kule, ndege ni ya kule, na kinachovuka bahari kuja kutulipa sisi ni kilichobaki. Katika hicho ndimo tunamonunulia chipsi, tunakirudisha tena kule kule.

Akanywa chai hadi chini.

"Kwa hiyo," akasema, "mtu anapanda ndege mchana na usiku kuja kula kiazi cha kwao."

Ijumaa

Hatukwenda popote. Alikwenda soko la Ilala peke yake akarudi na bei za viazi zimeandikwa kwenye kiganja.

Jumamosi, Kunduchi na Mbudya

Nahodha alisema tuwahi kabla upepo haujaamka, tukawa Kunduchi saa moja na nusu. Malipo ya kiingilio cha hifadhi ni kwa kontroo namba, hakuna kushikana pesa, na hilo nililipenda. Mbudya ni moja ya visiwa vya hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Vilitengwa mwaka 1975, na tangu sheria ya mwaka 1994 viko chini ya kitengo cha hifadhi za bahari. Maana yake kwa mvuvi ni fupi: hapa huvui.

Nahodha ni mwana wa mvuvi wa Kunduchi. Baba yake alikuwa akitega madema kwenye miamba hii hii. Baada ya mpaka kuwekwa, walisogea mbali, kwenye bahari inayotaka mashine kubwa ambayo hawakuwa nayo. Yeye alijiunga na boti za wageni. Nilimuuliza kama amefaidika, akajibu kwa kalenda: Julai hadi Februari anakula kwa wageni. Masika ikiingia, boti inafungwa, anarudi kuvua na wenzake wanaomtania kuwa mikono imekuwa laini.

Mwamba umepona kiasi, kwa maneno yake, tangu uvuvi wa baruti ulipopungua. Zamani mlipuko mmoja ulisikika hadi sokoni. Lakini kuna nanga. Jumapili boti zinakuwa nyingi, maboya ya kufungia hayatoshi, kila mtu anatupa chuma chini. Aliniazima miwani ya kuzamia nikachungulia. Kwanza niliona uzuri wote nilioahidiwa, samaki wa njano wanapita kama watoto wa shule. Kisha pembeni, mfereji mweupe, upana wa mikono miwili, matumbawe yamesagika kama sahani zilizoangushwa. Nilikaa juu ya ule mfereji muda mrefu kuliko juu ya samaki.

Shangazi alikuwa amegoma kuingia majini. Nilipotoka nilimkuta nyuma ya banda la makuti, jikoni.

Utaratibu wa Mbudya ni kwamba vijana wanakuletea sinia la samaki wabichi, unachagua changu wako, unatajiwa bei na chipsi zake. Yetu ilikuwa elfu thelathini. Nilijua samaki hawakuvuliwa pale, maana hairuhusiwi. Wamenunuliwa bara alfajiri, huenda Feri, huenda na yule dalali wa Jumatano, wakapanda boti kuja kuliwa mbele ya miamba ambako samaki wenzao hawaguswi. Maji ya kupikia yanakuja kwa madumu, mkaa unakuja, soda zinakuja. Chupa tupu zinatakiwa zirudi. Nyingi zinarudi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, mgeni anaambiwa aiache uwanja wa ndege, lakini chupa ya maji haina marufuku, na upande wa kisiwa usio na mabanda nilizikuta zimejipanga kwenye mstari wa maji kujaa, pamoja na ndala za mguu mmoja mmoja.

Jikoni kijana alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, anamenya.

"Muulize mwenyewe," shangazi akaniambia, macho yanang'aa. "Muulize vimetoka wapi."

"Njombe, bro. Tunachukua Ilala."

Shangazi alikuwa amekwishakaa kwenye ndoo ya pili na kisu mkononi. Alimuonyesha kiazi chenye rangi ya kijani upande mmoja: kimepigwa jua, ukikipika hivyo ni uchungu na ni sumu kidogo, kata hapa. Alimuonyesha kuchokoa macho kwa ncha ya kisu bila kupoteza nusu ya kiazi. Alimuuliza gunia wamenunua shilingi ngapi, akalinganisha na kiganja chake, kisha akakaa kimya, kisu kikizunguka peke yake. Bei ya Ilala ilikuwa zaidi ya mara mbili ya aliyolipwa yeye shambani, na lile gunia lilikuwa na kilemba.

Tulikula. Chipsi hazikulingana urefu, zingine zilikuwa zimeungua ncha. Kwenye meza ya jirani, familia ya Kihindi ya Upanga na wageni wawili wa Ujerumani walikuwa wanakula hizo hizo, na hakuna aliyelalamika.

Tuliporudi bara, nikampitisha ufukweni kwa miguu. Mivinje imeachwa mizizi nje, mingine imelala kifudifudi majini. Kuna kuta za mawe zimechomoza baharini: mchanga unajaa upande mmoja wa ukuta, upande wa pili jirani analiwa, naye anajenga ukuta wake, na anayefuata vivyo hivyo. Mchanga wa mito ya huku, ambao ndio ungelisha ufukwe, umezolewa kwenye malori kwenda kujenga mji, hoteli zikiwemo. Barabarani kuna kituo cha daladala kinaitwa Afrikana. Konda wanakiita mara elfu kwa siku. Ilikuwa hoteli ya ufukweni. Bahari iliichukua, jina likabaki kituoni.

Jumapili

Kanisa, usingizi. Jioni shangazi alitupikia viazi vyote vilivyobaki kirobani isipokuwa kumi, alivyovichagua kwa kuvipanga sakafuni na kuviondoa kimoja kimoja kama mtu anayechagua timu.

Jumatatu, mlango wa mizigo

Miwani imepatikana. Alipoivaa alinitazama na kuniambia nimezeeka. Kisha akaomba nimpeleke kazini kwangu.

Tuliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa mizigo, akaandikwa kwenye daftari la getini. Mpishi mkuu ni mtu wa Tanga, mtaratibu, alimwamkia vizuri. Viazi kumi vikaoshwa, vikakatwa, vikakaangwa mara mbili. Sagita, akasema shangazi, mbegu ndefu, haina macho mengi. Mpishi akaonja kimoja, akaonja cha pili, akawaita vijana wake waonje. Akasema wazi kwamba vina ladha kuliko vya friza. Nilihisi nimeshinda kitu.

Halafu akamwita mtu wa manunuzi, ambaye ni rafiki yangu, na ndiyo maana alikuwa mkweli. Kilo mia mbili kila wiki, masika na kiangazi, ukubwa mmoja. Namba ya mlipakodi. Risiti ya mashine ya EFD. Kujisajili kwenye orodha ya wauzaji. Malipo baada ya siku sitini.

"Sitini?" akauliza shangazi. "Toka lini?"

"Toka siku ya kupokea mzigo, mama."

"Siku sitini kiazi changu kipya kiko kwenye maua. Mbolea ya kile nimeilipa kwa pesa ipi?"

Rafiki yangu akafungua mikono. Akauliza kama wako kwenye kikundi au ushirika, maana kikundi kinaweza kukopesheka. Shangazi akasema wako wanawake kumi na wanne. Akachukua namba ya simu, akaiandika mwenyewe, tarakimu kubwa kubwa, akizisoma kwa sauti kwa miwani mipya. Sahani ilikuwa tupu. Mpishi alikuwa bado anaramba chumvi kidoleni.

Wakati wa kutoka tulipita stoo. Akasimama mbele ya katoni moja ya chipsi iliyokwisha kufunguliwa, akaisoma pande zote nne, polepole, na mistari midogo ya chini. Akaniuliza kama tunazitupa.

Jumanne, Mbezi Luis tena

Saa kumi na moja alfajiri. Begi la nguo, mwiko wa mpingo umefungwa ndani ya kanga, na katoni tupu, imekunjwa na kufungwa kwa kamba ile ile ya katani. Anakwenda kuwaonyesha wenzake kumi na watatu jinsi kiazi kinavyovaa huko mjini.

Konda akaikamata katoni, akaitikisa. "Hii ina nini, bibi? Mzigo unalipiwa."

"Haina kitu," akasema shangazi, akapanda.

Nilimsikia akiendelea kubishana naye hadi basi lilipokunja kona.